Chupa Ni Ile Ile, Mwenyewe Amebadilika

Ukitaja bia ya Australia, wasee wengi husema Foster's. Hiyo ilianzishwa Melbourne 1888 na ndugu wawili Wamarekani, ambao hata hawakukaa: waliuza kiwanda upesi wakarudi kwao. Na Waaustralia wenyewe hawaipendi hivyo, usishangae.

Stori tamu ni ya bia mpya. Mwaka wa 2000 Little Creatures ilifunguliwa Fremantle, mahali palipokuwa shamba la mamba (si mchezo, mamba kabisa). Ikawapa watu bia chungu yenye harufu ya matunda, tofauti na ile lager baridi ya kila siku. 2008 ikaja Stone & Wood pale Byron Bay, halafu 2016 Balter, ya wachezaji wa mawimbini akina Mick Fanning. Watu wakaringa: hizi ni zetu, si za makampuni makubwa.

Wapi! Lion, iliyo chini ya Kirin ya Japani, ikamaliza kununua Little Creatures 2012, ikabeba Stone & Wood 2021. Balter ilichukuliwa na CUB 2019, na 2020 CUB yenyewe ikaenda kwa Asahi. Wajapani tena.

Ndio maana mimi nawapa Coopers wa Adelaide heshima yao. Familia hiyo inapika bia tangu 1862. 2005 Lion walikuja na pesa ndefu, na wenye hisa wakapiga kura kuwafungia mlango.