Stabilaiza ya Pikapu na Linki Zake: Matunzo kwa Barabara za Babati

Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi iliyopindwa mfano wa herufi U, ikalazwa kukingama chini ya pua ya gari. Katikati hushikwa kwenye chesisi na klampu mbili zenye bushi za mpira. Ncha zake huunganishwa na sehemu zinazobeba tairi la kulia na la kushoto, mara nyingi amu za chini, kwa viungo vifupi ambavyo mafundi huviita linki. Pikapu nyingi za kazi huwa nayo mbele tu. Nyuma, springi za mabapa hubeba mzigo na kupunguza kulala kwa gari.

Fimbo hii huamka pale tairi moja linapopanda na la pili likabaki chini. Gari likivuka tuta kwa matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja, fimbo hujizungusha ndani ya bushi bila kukaza chochote. Likiingia kwenye kona, bodi hulalia upande wa nje, fimbo hunyongwa, na ukaidi wake wa kukataa kunyongwa ndio unaopunguza kulala huko. Ukaidi huo hufuata kipeo cha nne cha kipenyo: fimbo ya milimita 28 ni ngumu takriban mara 1.57 kuliko ya milimita 25 yenye umbo na chuma kilekile, ingawa kwa macho zinakaribia kufanana. Ndiyo maana kuchukua fimbo ya modeli nyingine kwa sababu tu “imeingia” hubadilisha tabia ya gari kwenye kona. Na kwa kuwa haibebi mzigo, pikapu iliyokaa chini kwa sababu ya magunia haiponi kwa linki mpya. Hiyo ni kazi ya springi.

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, upo kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, na njia ya Singida huchepukia hapo. Lami ya Babati hadi Dodoma, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Kwa hiyo pikapu ya hapa inaishi maisha mawili kwa siku moja. Asubuhi iko kwenye vumbi na rasta (mawimbi madogo ya udongo) za njia za mashambani bonde la Kiru. Mchana imebeba mahindi au mbaazi, inakimbia kwenye lami. Kwenye rasta matairi hayapandi pamoja, hivyo linki husukumwa na kuvutwa bila kupumzika, na mpira wa kukinga vumbi ukipasuka, mchanga huingia kwenye boljointi ya ncha ya linki na kuisaga. Gari linaanza kugonga huko kwenye udongo, ambako mwendo ni mdogo na dereva huona ni kelele tu. Hasara yenyewe hujitokeza kwenye lami, pale anapokwepa ng’ombe ghafla na bodi ikalala kuliko alivyotarajia.

Mlio wa linki iliyokufa ni kugonga kukavu, ko-ko-ko, kwa mwendo mdogo. Wengi husingizia shokapu, wakanunua mbili, na mlio ukabaki palepale. Jaribio lake ni rahisi: pita kwenye tuta taratibu matairi yote mawili yakipanda pamoja, kisha tafuta mahali pa kupandisha tairi moja moja. Ukimya mara ya kwanza na kugonga mara ya pili huelekeza kidole kwenye linki au bushi. Kisha zima gari likiwa limesimama kwa matairi yake, weka vizuizi, mtu mmoja atikise bodi huku mwingine akiwa ameshika linki. Ikicheza mkononi, imekwisha. Bushi nayo huonyesha kwa ufa, au kwa upenyo kati ya mpira na fimbo.

Kazi ya kubadilisha ina mtego mmoja unaowapotezea mafundi muda. Ukiinua tairi moja kwa jeki, fimbo inanyongwa, na bolti hubanwa hata ikagoma kutoka au ikaruka ghafla. Inua pande zote mbili kwa usawa na ukalishe chesisi kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini. Nyunyizia nati mafuta ya kulainisha kutu na uyape muda. Ncha nyingi za linki zina tundu la pembe sita: lishike kwa ufunguo wake ili boljointi isizunguke na nati. Nati yenye pete ya plastiki ndani isirudishwe, funga mpya. Linki zibadilishwe kwa jozi, maana zimepita vumbi moja.

Bushi zipimwe kwa kipenyo cha fimbo. Kabla ya kuzifunga, safisha fimbo na uangalie kama mchanga umeila pale zinapokaa, kwani bushi mpya juu ya chuma kilicholika italegea mapema. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira asilia, basi tumia maji ya sabuni, au grisi ya silikoni. Bushi iliyochongwa kutoka tairi kuukuu inaweza kukufikisha nyumbani; isigeuzwe kuwa ya kudumu, kwa kuwa haina kipimo wala umbo la kuikumbata fimbo.

Fimbo iliyokatika isichomelewe. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu uliopikwa ndani ya chuma cha springi, na itakatika tena kando ya weldi, pengine ncha yake ikalichana tairi. Kuiondoa kabisa ni jambo ambalo baadhi ya madereva hulipenda, kwa sababu matairi hufuata makorongo vizuri zaidi. Kwa gari la shambani tu, lisilotoka kwenye njia za udongo, hoja hiyo ina uzito. Kwa pikapu inayopanda lami na mzigo, siikubali.

Ukazaji wa mwisho ufanyike gari likiwa limeshuka kwenye matairi yake, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Baada ya safari ya kwenda na kurudi Magugu, pitisha spana tena kwenye nati zote, kisha vuka tuta kwa tairi moja, madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa.