Kioo Kilichotunza Barafu ya Kibo

Ye yote akaaye Pasua, pembeni mwa mji wa Moshi, akiamka alfajiri siku isiyo na mawingu na kuelekeza uso kaskazini, hukiona kilele cha Kibo kimesimama mbele yake na weupe kichwani. Hakuna wa kumwambia kwamba hakioni akionacho. Lakini zamani alikuwako mtu aliyeuona weupe huo, naye akaambiwa na mkubwa wa elimu kwamba hakuuona. Leo nataka kuwasimulieni habari za mtu huyo, na habari za kipande cha kioo ambacho baadaye kilifanya kazi isiyowezekana kwa macho ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Johannes Rebmann, Mjerumani, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei mwaka wa 1848, alipokuwa njiani kwenda Uchaga, aliona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Yule hakuwa na jina la kukiita ila neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi yenye theluji, akatambua mara. Habari zake zikapigwa chapa Uingereza mwaka wa 1849. Basi William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakupata kuikanyaga Afrika, akazikataa. Alisema kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba Rebmann aliiona kwa fikira, si kwa macho. Hata Baron Karl Klaus von der Decken alipokuja mwaka wa 1861 na wa 1862, akaupima mlima kwa vyombo na kupanda zaidi ya mita 4,000, Cooley hakusadiki. Mwaka wa 1871 Charles New alifika mpaka kwenye theluji yenyewe akaishika kwa mikono yake.

Rebmann alirudi kwao mwaka wa 1875, naye karibu kipofu, akafa mwaka uliofuata. Alichokiona hakuweza kumwachia mtu ye yote ila kwa maneno, na maneno yake yalikwisha kubishiwa miaka mingi. Sasa tazameni jinsi kioo kilivyokuja kuondoa shida hiyo.

Kioo chenyewe huitwa lenzi. Ni kioo safi kilichosuguliwa hata kikawa kinene katikati na chembamba kingoni, mfano wa punje ya dengu. Na kwa kweli jina lake latoka katika neno la Kilatini la dengu. Nguvu yake yote i katika kupinda nuru. Hewani nuru huenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja, lakini ndani ya kioo huenda kama 200,000 tu. Fikirini gari la ng'ombe litokalo njia kavu na kuingia matopeni kwa mshazari. Gurudumu litanguliao kuingia hupunguza mwendo, la pili bado laenda upesi, na gari lote hugeuka upande. Nuru iingiapo katika kioo kwa mshazari hupinda vivyo hivyo. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo, fimbo iliyotiwa katika maji ya mfongo huonekana kana kwamba imevunjika.

Basi, miali ya nuru itokayo katika ncha ya Kibo huipiga lenzi nzima. Ile ipitayo katikati huendelea bila kugeuka, ile ya kingoni hupinda zaidi, hata yote hukutana tena mahali pamoja nyuma ya kioo. Miali itokayo katika msitu wa chini hukutana mahali pengine. Hivyo kila sehemu ya mlima hupata mahali pake, na picha nzima hujichora, ila imepinduliwa juu chini. Mwanafunzi aweza kujaribu mwenyewe: asimame katika chumba chenye giza kidogo, mkabala wa dirisha, ashike kioo cha kukuzia mbele ya karatasi nyeupe, akisogeze taratibu mbele na nyuma. Mti wa nje utatokea karatasini, shina juu na majani chini. Lakini asilitazame jua kwa kioo hicho kamwe, maana nuru iliyokusanywa huunguza jicho.

Elimu hii ni ya kale. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyekufa Misri karibu na mwaka wa 1040, alieleza kwamba twaona kwa nuru iingiayo jichoni. Johannes Kepler alionyesha mwaka wa 1604 kwamba ndani ya jicho mna lenzi, nayo huichora dunia kinyume katika ukuta wa nyuma. Mwaka wa 1839 ikatangazwa mjini Paris njia ya Louis Daguerre ya kuikamata picha ya lenzi isipotee. Kwa njia hiyo kamera ikaweza kuitunza picha.

Hans Meyer wa Leipzig aliileta kamera Kilimanjaro mwaka wa 1887, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye picha 40. Tarehe 6 Oktoba mwaka wa 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Aliporudi mwaka wa 1898 aliona kwamba barafu imekwisha kupungua. Kisha mwaka wa 1912 wakaja Fritz Klute na Eduard Oehler. Klute alipiga picha za Kibo kutoka mahali mbalimbali palipopimwa, kama vile macho yetu mawili yaonavyo kitu kimoja kutoka pande mbili, na kwa picha hizo ikachorwa ramani ya barafu.

Kwa ramani hiyo wataalamu wamejua kwamba mwaka wa 1912 barafu ya Kibo ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka wa 2011 ilipimwa tena kwa picha zilizopigwa kutoka juu: ikabaki 1.76. Hewa imekuwa kavu, theluji mpya haitoshi kulipa ile ipoteayo, na joto la dunia limezidi. Mtu angalisema tu kwamba babu yake aliona weupe mkubwa zaidi, angalibishiwa kama Rebmann. Picha yaweza kupimwa na mtu asiyekuwako.

Lakini picha nayo yataka msomaji mwangalifu. Theluji iliyoanguka usiku mmoja yaweza kuufunika mlima wote kwa siku chache, na mjinga akadhani barafu imerudi. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe wala mahali ni shahidi nusu. Enyi vijana wa Pasua, tafuteni majumbani mwenu picha za zamani ambazo mlima waonekana nyuma ya harusi au ya watoto wa shule. Waulizeni wazee zilipigwa wapi na mwaka gani, mkaandike nyuma yake kwa kalamu, maadamu wazee hao wangalipo.