Florini na Njia Yake hadi Kianda

Waliokuwa watu wazima katika Kianda, kijiji cha Kibera, Nairobi, kilicho jirani na mtaa wa Olympic, mnamo miaka ya 1990, waliishi na maradhi yasiyokuwa na tiba mikononi mwao. Maana ukimwi, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, ulikwisha kuenea kabla Rais Daniel arap Moi hajautangaza kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999, na dawa zake, ingawa zilikuwako ughaibuni, bei yake ilikuwa ya matajiri.

Mojawapo ya dawa za ukimwi ina nasaba ndefu, iliyoanzia kwenye florini. Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake, huko Marekani, walidhihirisha kwamba, ikiondolewa atomu moja ya hidrojeni katika yurasili, ambayo ni mojawapo ya herufi za asidi za urithi, ikatiwa atomu ya florini mahali pake, seli ya saratani huipokea herufi hiyo ya bandia kana kwamba ni yake, ikadhurika kwayo. Katika ukoo huo huo ikazaliwa dawa ya flusitosini, iliyokusudiwa saratani ikafaa kuvu, na ambayo hata leo ni tegemeo la mwenye ukimwi aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu. Hatimaye, katika Chuo Kikuu cha Emory, Dennis Liotta, Raymond Schinazi na Woo-Baeg Choi wakaunda dawa ya ukimwi, emtrisitabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003: hiyo ni herufi ya sitosini yenye florini, isiyokuwa na mahali pa kushikia herufi ifuatayo, hata virusi viandikapo DNA yao huitwaa, na papo hapo uandishi ukakoma. Haitofautiani na lamivudini, dawa nyingine ya ukimwi, ila kwa atomu ile moja; nami sioni ajabu ndogo hapo, maadamu umbo lake litendalo kazi huchukua takriban saa 39 kupungua hadi nusu ndani ya seli, na kidonge kimoja kwa siku kikatosha.

Lakini elimu ya maabara haikujifikisha Kibera yenyewe. Ilihitajiwa Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001, iliyopiganiwa na wagonjwa na madaktari, ili dawa za bei nafuu ziruhusiwe kuingia nchini. Wakahitajiwa pia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwamo Kibera tangu miaka ya 1990, na ambao mnamo 2003 walianza kutoa dawa za ukimwi (ARV) humo. Vidonge vya siku zile vilikuwa na lamivudini, nduguye asiyekuwa na florini. Na kumeza kwenyewe kulikuwa na mashaka: katika vyumba vilivyotengwa kwa bati au udongo, mlio wa vidonge koponi humfikia jirani, na aghalabu watu hutia pamba ndani ya kopo, au huvihamishia vidonge katika karatasi, wasije wakafedheheka.

Florini iliingia nchini kwa mlango wa kinga, yaani dawa imezwayo na asiye na virusi ili asiambukizwe. Katika utafiti wa Partners PrEP walishiriki jozi 4,747 za wenzi wa Kenya na Uganda, mmoja ana virusi na mwenziwe hana; na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yakabainisha kwamba dawa ya tenofoviri pamoja na emtrisitabini ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Wenzi hao, kwa maoni yangu, wana haki ya kutajwa safu moja na wanakemia wa Emory, kwani waliikubalia dawa miili yao ilhali faida yake haijathibitika. Mnamo Mei 2017 serikali ya Kenya ikaanza kuitoa kinga hiyo nchini. Na mwaka ule ule Madaktari Wasio na Mipaka wakaikabidhi Kaunti ya Nairobi kliniki yao ya Kibera South.