Hyundai Santa Fe

Hyundai Santa Fe ni gari la aina ya SUV la ukubwa wa kati linalotengenezwa na kampuni ya Hyundai Motor ya Korea Kusini tangu mwaka 2000. Jina lake linatokana na mji wa Santa Fe, makao makuu ya jimbo la New Mexico nchini Marekani. Hadi sasa kuna vizazi vitano vya gari hili. Historia ya injini zake inaonyesha jinsi kampuni iliyoanza kwa kuazima teknolojia ya wengine ilivyofikia kutumia ya kwake, pamoja na hasara iliyoipata njiani.

Asili

Kabla ya Santa Fe, gari la Hyundai la kwenda njia mbaya lilikuwa Galloper, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1991 kwa leseni ya Mitsubishi Pajero. Galloper lilikuwa na bodi iliyofungwa juu ya chesisi, kama lori. Santa Fe lilijengwa kwa msingi wa gari dogo la Sonata, ambapo bodi na fremu ni kitu kimoja. Muundo huo hupunguza uzito na kulifanya gari litulie barabarani, ingawa hauhimili kazi nzito kama ule wa chesisi.

Vizazi

* Kizazi cha kwanza: 2000–2006
* Kizazi cha pili: 2006–2012
* Kizazi cha tatu: 2012–2018
* Kizazi cha nne: 2018–2023
* Kizazi cha tano: tangu 2023

Urefu wa gari umeongezeka kutoka mita 4.5 katika kizazi cha kwanza hadi mita 4.83 katika kizazi cha tano.

Injini za mwanzo

Kizazi cha kwanza kilikuwa na injini za asili mbalimbali. Ile ya petroli ya lita 2.4 yenye silinda 4 ilitokana na muundo wa Mitsubishi. Ya lita 2.7 yenye silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V, iitwayo Delta, ilibuniwa na Hyundai yenyewe. Ya dizeli ya lita 2.0 ilibuniwa pamoja na kampuni ya VM Motori ya Italia. Delta na ile ya dizeli hutumia mkanda wa taimingi, ambao ni lazima ubadilishwe kwa muda uliowekwa. Ukikatika, vali zinaweza kugongana na pistoni.

Mwaka 2009 Hyundai ilitoa injini mpya ya dizeli iitwayo R, inayotumia mnyororo badala ya mkanda. Ile ya lita 2.2 (cc 2,199) ilikuwa na nguvu ya farasi ipatayo 197, na ilitumika katika Santa Fe kwa miaka mingi.

Theta

Theta ni familia ya injini za petroli za silinda 4. Mwaka 2002 Hyundai, Mitsubishi na DaimlerChrysler zilianzisha ushirikiano wa kutengeneza injini za namna hiyo, na msingi wa muundo ulitoka Hyundai. Hivyo Mitsubishi, iliyokuwa mwalimu, sasa ilichukua kwa mwanafunzi wake.

Hata hivyo, toleo la pili, Theta II, lilileta matatizo makubwa. Krenkishafti ina matundu membamba yanayopeleka oili kwenye beringi za konrodi. Katika injini zilizotengenezwa Marekani, chembe za chuma zilizobaki baada ya kutoboa matundu hayo hazikuondolewa zote, zikaweza kuzuia oili. Beringi ikikosa oili hupata joto na kusagika. Injini huanza kugonga, na mwishowe inaweza kuzimika gari likiwa katika mwendo. Konrodi ikikatika huweza kutoboa bloku, na oili inayovuja ikasababisha moto.

Mwaka 2015 Hyundai iliagiza magari ya Sonata yarudishwe kukaguliwa nchini Marekani. Mwaka 2017 agizo lilipanuliwa hadi Santa Fe Sport za miaka ya 2013 na 2014. Kabla ya hapo, mwaka 2016, mhandisi wa Hyundai aitwaye Kim Gwang-ho alikuwa amepeleka nyaraka kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, akieleza kwamba kampuni haikushughulikia kasoro hiyo ipasavyo. Alifukuzwa kazi. Mwaka 2020 Hyundai na kampuni ndugu ya Kia zilikubaliana na mamlaka hiyo juu ya adhabu ya jumla ya dola milioni 210, sehemu yake ikiwa fedha za kutumika katika hatua za usalama. Mwaka 2021 Kim alitunukiwa zaidi ya dola milioni 24.

Hyundai pia iliweka katika magari mengi programu inayotumia kihisi cha mtikisiko kutambua dalili za kusagika kwa beringi, ikamwonya dereva na kupunguza nguvu ya injini kabla haijaharibika.

Injini za sasa

Kizazi cha tano kimeacha dizeli. Injini zake kuu ni ya petroli ya lita 2.5 yenye turbo, na ya lita 1.6 yenye turbo inayosaidiwa na mota ya umeme. Mfumo huu wa pili huitwa mseto: betri hupata chaji gari linapopunguza mwendo, na mota huisukuma gari pamoja na injini, hivyo petroli kidogo hutumika, hasa mjini.