Kupiga, Kuhariri na Kutoza: Historia Fupi ya Maneno ya Kazi ya Video

Miongoni mwa fani zilizoingia nchini mwetu kwa haraka kuliko istilahi zake ni hii ya kupiga picha za video kwa malipo. Kijana anayeianza, aghalabu akiwa na kamera ya kukodi, huulizwa na mwenye harusi swali moja tu: “Utatupigia kwa bei gani?” Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba swali hilo, jinsi lilivyo fupi, lina historia ndefu nyuma yake, na kwamba maneno yaliyomo humgharimu fundi fedha.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiswahili hupiga mengi: pasi, chapa, simu, hodi. Picha nayo ilipofika ikapigwa. Kitenzi hiki huelekea kutaja tendo la mara moja, na kwa picha mnato kilifaa sana, kwani kidole kikishabonyeza picha imekwisha kunaswa. Picha jongefu ilirithi kitenzi hicho hicho bila mtu kuuliza kama kinatosha. Hapo ndipo kazi ya siku nyingi ilipoanza kuitwa kwa jina la tendo la dakika.

Wala si ajabu. Kati ya 1935 na 1937 lilifanyika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la sinema za mafunzo kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Chini ya uongozi wa L. A. Notcutt na G. C. Latham zilitengenezwa filamu kama 35 za upana wa milimita 16, zikihusu kilimo, afya, na hata kuweka akiba posta. Sauti haikuwamo ndani ya filamu. Maelezo yaliwekwa kwenye sahani za santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtazamaji wa kijijini aliletewa kitu kilichokwisha kamilika. Meza ambapo vipande vilikatwa na kuungwa hakuiona. Kwa maoni yetu, hii ni sababu mojawapo ya umma kuwa na majina ya kitu kizima, yaani sinema, picha na filamu, bila kuwa na majina ya hatua za kukitengeneza.

Serikali ilipounda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, hatua hizo zilifanywa na wananchi wenyewe. Lakini mtumishi wa kampuni ya umma hulipwa mshahara wa mwezi, apige au ahariri. Hakuwa na haja ya kumweleza mteja tofauti ya kazi hizo mbili. Haja ilikuja na video. Kanda za VHS zilitoka Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 kamera na kinasa vikaunganishwa kuwa chombo kimoja cha kubebwa begani. Mtu binafsi akaweza kufanya kazi ambayo hapo awali ilihitaji taasisi.

Ndipo likazuka suala la kuhariri. Mafundi wengi husema “kukata”, na neno hilo lina ukweli wake wa kihistoria, maana filamu ya zamani ilikatwa kwa mkasi na kuungwa kwa gundi. Kanda ya video, hata hivyo, haikukatwa. Ilinakiliwa kipande baada ya kipande kutoka mashine moja hadi nyingine, na kila nakala ilififia kuliko ile ya kwanza. Leo kompyuta haikati wala hainakili kwa namna ile, bali hupanga tu. Kwa hiyo “kukata” lataja chombo kilichokwisha pita, hali “kuhariri” lataja kazi yenyewe: kuchagua, kupanga, kusawazisha sauti na rangi. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao kitenzi hicho humaanisha pia kuweka huru. Magazeti yalikwisha litumia siku nyingi. Hatuoni sababu ya video kunyimwa.

Na huyu asiyeajiriwa tumwiteje? Kiingereza kilimpa jina la askari wa mikuki huru, waliotajwa katika riwaya ya Ivanhoe ya Walter Scott iliyotoka mwishoni mwa 1819. Yaani watu waliompigania yeyote aliyelipa. Kiswahili hakikuwa na mikuki hiyo. Kilikuwa na kibarua, neno lililotokana na barua ndogo, cheti cha mfanyakazi wa kutwa. Kikawa pia na kipande, kadi ya siku 30 za kazi katika mashamba ya mkonge. Maneno yote mawili yana alama ya mtu asiye na sauti katika ujira wake. Tangu Azimio la Arusha la 1967, neno “kujitegemea” limepata heshima ya pekee, nasi tunaye tayari wakili wa kujitegemea. Mpiga picha wa kujitegemea anafaa kusimama karibu yake.

Sasa turudi kwenye “bei”. Bei ni ya bidhaa. Kazi ina ujira, chombo cha kukodi kina kodi, safari ina nauli. Mgeni katika fani huyafunga yote katika fungu moja. Tuchukue mfano wa kubuni: amekubali shilingi 500,000 kwa harusi na sherehe ya kumuaga bibi harusi. Kodi ya kamera ni 100,000 na nauli 50,000, zabaki 350,000. Akihesabu siku 2 za kupiga, ataona amepata 175,000 kwa siku, naye atafurahi. Akiongeza siku 5 za kuhariri, ujira wake ni 50,000. Mteja naye hasemi uongo anapolalamika kwamba kijana amelipwa vizuri kwa siku mbili, maana aliambiwa “kupiga” na siku za kupiga alizihesabu kwa macho yake.

Kwa hiyo tunawashauri wanaoandika mikataba, hasa maofisini, watenganishe mafungu hayo: ujira wa kupiga, ujira wa kuhariri, kodi ya vyombo, nauli. Waandike pia mteja ana haki ya kudai marekebisho mara ngapi, na picha ghafi, kwa mfano wa mali ghafi, zitabaki kwa nani baada ya kazi.

Kwa malipo ya kutangulia, wengi husema “advansi”. Kiswahili kina arabuni, neno la kale la biashara ya pwani kwa fedha inayotolewa kufunga mapatano. Lina kasoro moja: hutamkwa pia rubuni, na kurubuni ni kumhadaa mtu. Katika ankara, basi, tungependelea umbo la arabuni liandikwe kwa ukamilifu wake.