Njia ndefu ya mazuti: kutoka bandarini hadi ndani ya filta ya gari

KOLWEZI, Lualaba. Gari la mizigo linapozimika njiani kati ya Kolwezi na Likasi, neno la kwanza linalosikika ni hili: pompi imekufa. Neno hilo linaogopesha. Pompi ya mazuti ni moja ya vyombo vya bei kali kuliko vyote katika gari, na familia iliyopakia magodoro, masufuria na watoto nyuma ya pick-up haina franka za kuilipia. Kuna walioshusha mizigo na kulala kando ya barabara kwa sababu ya neno hilo. Kuna wagonjwa waliochelewa kufika hospitalini.

Lakini mara nyingi pompi haijakufa. Gari limekosa tu mafuta safi, ao limevuta hewa mahali pa mafuta. Ili kuelewa kwa nini jambo hilo linarudia-rudia hapa kwetu Lualaba, ni lazima kurudi nyuma, kwenye historia ya mazuti yenyewe na ya njia inayoyaleta.

Motere isiyo na cheche

Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka wa 1858, alifaulu kuwasha motere yake ya kwanza yenye nguvu ya kutosha katika mji wa Augsburg mwaka wa 1897. Motere hiyo haina buji ya kutoa cheche kama motere ya esansi. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa yenyewe inakuwa moto sana, kisha mafuta yanarushwa ndani kidogo-kidogo na kuwaka yenyewe.

Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1900, motere ndogo ya aina hiyo ilitembea kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika, mahali karanga zinapatikana kwa wingi. Kwa hiyo tangu mwanzo, Afrika ilikuwa katika hesabu ya motere hii.

Shida ilikuwa namna ya kurusha mafuta ndani. Zamani walitumia hewa iliyobanwa na mashine kubwa, ambayo haingii kwenye gari. Mwaka wa 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pompi ndogo ya kusukuma mafuta. Ndiyo iliyofungua njia ya malori, na baadaye ya pick-up tunazoziona leo. Lakini pompi hiyo ilikuja na sharti lake. Vyuma vyake vya ndani vimekaribiana kiasi kwamba hata unywele haupiti kati yake, na kinachovilainisha ni mazuti yenyewe. Maji kidogo ao mchanga mwembamba unatosha kuvikwaruza.

Mawese ya Kongo katika basi la Ubelgiji

Kuna sura ya historia hii ambayo wakaaji wengi wa Kongo hawajaisikia. Mwaka wa 1937, Georges Chavanne, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipewa hati ya ugunduzi kuhusu namna ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya motere. Mafuta aliyoyatumia yalikuwa mawese kutoka Kongo ya Wabelgiji. Mwaka uliofuata, 1938, basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo.

Kwa nini hakumimina tu mawese ndani ya tangi? Kwa sababu mawese ni mazito. Kila mama anayepika anajua kwamba asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa. Mafuta mazito hayapiti sawasawa kwenye filta, na yanaacha uchafu kwenye enjektere, vile vidomo vidogo vinavyorusha mazuti ndani ya motere. Chavanne aliyachanganya na alkoli na kuyageuza mpaka yakawa mepesi.

Somo la basi lile linafaa hadi leo. Motere ya mazuti haitaki tu mafuta yanayowaka. Inataka mafuta yanayopita. Anayeongeza mafuta ya kupikia ndani ya tangi, ao mchuuzi anayechanganya mazuti na mafuta ya taa ili apate faida, anasahau jambo hilo. Mafuta ya taa yanawaka, ndiyo, lakini hayalainishi vyuma vya pompi kama mazuti. Gari litatembea leo, na pompi italiwa taratibu.

Umeme karibu, mafuta mbali

Kolwezi ilijengwa na Union Minière mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya shaba. Kwa upande wa umeme, mji huu ulibarikiwa. Bwawa la Nzilo juu ya mto Lualaba, lililoitwa zamani Delcommune, lilianza kazi katika miaka ya 1950, na lile la Nseke likafuata katika miaka ileile. Nguvu ya mitambo ilitoka karibu. Lakini mafuta ya malori hayakuwa na chanzo hapa. Katanga haina kisima cha mafuta wala bahari.

Njia fupi ya kwenda baharini ilikuwa reli ya Benguela, inayoshuka hadi bandari ya Lobito nchini Angola. Iliungana na reli ya Katanga mwaka wa 1931, na Kolwezi iko juu ya njia hiyo. Mwaka wa 1975 vita vya Angola viliifunga. Kuanzia hapo mizigo ilizunguka: mingine ilipitia kusini, mingine ilipanda treni hadi Ilebo, ikashushwa kwenye mashua za mto Kasai hadi Kinshasa, kisha ikapanda treni tena hadi Matadi. Ni vilevile kwa mizigo ya kurudi.

Jirani zetu wa Zambia walikuwa wamekwisha kuonja uchungu huo. Mnamo tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka wa 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na mafuta yaliyopitia kusini yakakatwa. Mapipa yalibebwa kwa ndege. Ndege za Kanada zilisafirisha mafuta kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, hadi Lusaka. Malori yalipita kwenye barabara ya udongo kutoka Tanzania, na madereva waliipa jina la jehanamu. Mwaka wa 1968 bomba la TAZAMA lilimalizika, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Leo sehemu kubwa ya mazuti ya Katanga inaingia kwa malori ya tangi kupitia Kasumbalesa. Lori linalotoka Dar es Salaam hadi Kolwezi linatembea zaidi ya kilometa 2,000. Katika safari hiyo mazuti yanahama kutoka meli hadi ghala, kutoka ghala hadi lori, kutoka lori hadi stesheni, na mara nyingi kutoka stesheni hadi bidoni. Kila mahali yanapomiminwa, maji na vumbi vinapata mlango.

Miaka ya bidoni

Wakaaji wa Kolwezi wanaikumbuka mwezi wa tano wa 1978, wapiganaji wa FLNC walipoingia mjini na askari wa parashuti wa Ufaransa wakashuka tarehe 19. Baada ya hapo mafundi wengi wa kigeni waliondoka. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, na mwaka uliofuata ukawa wa uporaji. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka wa 1986, ilishuka chini ya tani 40,000 mwaka wa 1994.

Katikati ya miaka hiyo, 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Zilijaa katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingojea treni ambazo hazikuja kwa wakati. Watu walingoja majuma, wengine miezi, na wengi walikufa pale pale, wengi wao watoto. Kila familia iliyowahi kuhama inajua kwamba usafiri unapokwama, uhai nao unakwama.

Gécamines ilipoanguka, na gereji zake zilizotunza magari kwa utaratibu zikaanguka nayo. Biashara ya mafuta ilihamia kando ya barabara, kwa wachuuzi wa bidoni wanaoitwa kadhafi, kwa kufuata jina la aliyekuwa kiongozi wa Libya, nchi yenye mafuta mengi. Wachuuzi hao wameokoa safari nyingi mahali pasipo na stesheni. Lakini bidoni iliyooshwa kwa maji jana na kujazwa mazuti leo haisamehe motere.

Kusoma gari kama kusoma njia

Gari lililozoeleka zaidi kwenye barabara zetu mbaya ni Toyota Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1984. Tangu 1990 nyingi zinatumia motere ya 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2. Pompi ya motere hiyo inavuta mazuti yenyewe kutoka tangini. Kwa hiyo bomba lote, kutoka tangi hadi pompi, liko chini ya mvuto. Likipata tundu dogo, si lazima mazuti yadondoke chini. Ni hewa inayoingia. Ndiyo sababu fundi anaweza kutafuta alama ya mafuta yanayovuja asiione.

Fundi mwenye uzoefu anafuata njia ileile ya mazuti, kutoka mwanzo hadi mwisho. Anaanza na tangi: kuna mafuta kweli? Kifuniko kinapumua? Kikifunguliwa na kupiga mluzi wa kuvuta hewa, na gari likakubali kutembea tena, basi tundu la kupumulia limezibwa na matope.

Halafu anafika kwenye filta. Maji ni mazito kuliko mazuti, kwa hiyo yanakaa chini. Chini ya filta kuna skrubu ya kuyatoa. Kinachotoka kinawekwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa kitulie. Kikigawanyika mistari miwili, maji yamepatikana. Kikiwa na utelezi mweusi, ni vijidudu vinavyoota mahali maji na mazuti yanapokutana, na tangi lazima lisafishwe. Mazuti hayo machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Juu ya filta kuna kitufe cha kusukuma kwa mkono. Kikisukumwa mara nyingi bila kuwa kigumu, hewa inaingia mahali fulani: mpira umepasuka, ao kifungio kimelegea. Kikibonyea chini na kukataa kurudi juu, njia imezibwa upande wa tangi. Kikiwa kigumu vizuri na motere bado inakataa, inabaki kuangalia waya mdogo wa umeme unaofungua mazuti kwenye pompi, na buji za kupasha moto, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, kwa sababu Kolwezi iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni baada ya hayo yote tu ndipo pompi inaweza kushukiwa.

Kwa magari mapya, hadhari ni kubwa zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji walileta mfumo unaoongozwa na kompyuta, wenye msukumo wa zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa ya kawaida. Mabomba yake yasifunguliwe motere ikizunguka, kwa sababu mafuta hayo yanaweza kutoboa ngozi. Na kwa gari la aina yoyote, mazuti yasivutwe kwa mdomo. Yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuua.

Kinga ya franka chache

Kinga yenyewe haihitaji mashine kubwa. Bidoni ikauke kabisa kabla ya kujazwa. Ikisafirishwa, iachwe itulie usiku mzima, na mafuta ya chini kabisa yasimiminwe. Wakati wa mvua tangi lijazwe jioni, kwa sababu tangi tupu linatoa jasho usiku na jasho hilo ni maji. Filta moja ya akiba iwekwe chini ya kiti pamoja na kipande cha mpira na vifungio viwili.

Mazuti yamevuka bahari, mipaka na mikono mingi kabla ya kufika Dilala ao Manika. Mtu wa mwisho kuyapokea hana uwezo juu ya meli, wala juu ya foleni ya Kasumbalesa. Ana uwezo juu ya bidoni yake na filta yake. Kwa familia iliyoko njiani na mgonjwa nyuma ya pick-up, dakika ishirini za kukagua toka tangi hadi filta zinaweza kuwa tofauti kati ya kulala porini na kufika.