Historia ya Lushoto Katika Kumbukumbu za Viwanja

Shamba linapokatwa viwanja, mpima ardhi huweka mipaka, namba na tarehe. Ramani hizo zikipangwa kwa miaka, huonyesha mji ulianzia wapi na ulielekea wapi. Lakini ramani za Lushoto zinahitaji msomaji mwangalifu, kwa sababu ardhi ya milima ya Usambara, ulipo mji huo, ilianza kuandikwa na watawala waliotaka kuitwaa.

Kabla yao, Washambaa walimiliki ardhi kwa ukoo, na mipaka ilikaa katika kumbukumbu za wazee. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya Wajerumani iliifanya ardhi yote kuwa ya Dola, isipokuwa ile ambayo mwenyewe angeweza kuthibitisha umiliki wake. Mwishoni mwa karne hiyo walianzisha mji wa Wilhelmstal, ndio Lushoto ya leo. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mazao ya walowezi yalipata njia ya kwenda bandarini. Ndiyo maana kumbukumbu za mwanzo zinaeleza zaidi boma na mashamba makubwa kuliko makazi ya wenyeji.

Waingereza walichukua nchi mwaka 1916, wakauza mali za Wajerumani. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi kuwa ya umma, lakini ikalinda hati za zamani. Baada ya uhuru, sheria ya 1963 iligeuza umiliki wa kudumu kuwa ukodishaji wa miaka 99.

Je, sheria hizi ndizo zilizoigawa ardhi vipande vidogo? Wapo wanaozipa uzito, na wapo wanaotaja wingi wa watu na urithi. Sababu ya pili ina nguvu zaidi: tayari miaka ya 1940 serikali ilianzisha mpango wa kuokoa udongo huko Mlalo, Usambara, kwa kuwa miteremko ilikuwa imeelemewa. Baba aliwagawia wanawe bila mpima. Sheria iliamua tu mgawanyo upi uandikwe.

Sheria mbili za ardhi za 1999 zilifungua njia ya kurasimisha milki za kimila na makazi yasiyopimwa. Hapo tarehe ya ramani hubadilika maana. Katika eneo lililopangwa, ramani hutangulia nyumba. Penye urasimishaji, nyumba hutangulia ramani, pengine kwa kizazi kizima. Kwa hiyo atakayehesabu viwanja vilivyopimwa pekee ataona mji umechelewa kukua. Ramani lazima zisomwe pamoja na picha za anga na hati za mauziano zilizotiwa saini mbele ya mashahidi. Karatasi hizo zilizomo ofisi za vijiji na masanduku ya familia zinastahili kutunzwa sawa na hatimiliki.